Akala ya Kushoto

Sikukuuliza. Niliigeuza tu akala yako mlangoni,
ile ya kushoto, nikaona kisigino kimelika
hadi nyuzi za tairi zinachungulia
kama mbavu za ng'ombe wa Januari.
Ya kulia nzima, mitaro yake yote ipo.
Basi nikajua unavyoshuka Riat, Adagala:
unaburuta mguu kwenye lami,
mikungu sita nyuma yako,
na breki mbili za mapambo.

"Zinashika," ulisema Jumapili, tonge mdomoni.
Zinashika.
Hata mimi nikiwa na homa husema sijambo.

Usiku ulilala kama gunia.
Nikaiinamisha baiskeli penye kizingiti, nikaipindua,
simu nimeibana kwa meno inimulikie,
mkononi spana namba kumi ya marehemu baba,
fundi wa Gambogi ambaye hakunifundisha kitu;
ninachojua nilikiiba kwa macho
nikimpelekea chai.

Mpira wa kwanza ulitoka mwembamba
kama sabuni ya siku ya mwisho.
Wa pili haukuwapo.
Ni chuma kitupu kilichokuwa kikisugua rimu,
kimechonga mfereji unaong'aa;
nilipitisha kidole, kikanikata.
Kumbe mikungu sita
ulikuwa ukiisimamisha kwa kelele.

Nikaisugua rimu kwa majivu na kitambaa kikavu,
maana oili uliyoimiminia mnyororo ilitambaa hadi huko,
na breki si mgonjwa wa kukandwa kwa mafuta.
Breki hutaka ukavu. Hutaka kukwaruzana.

Halafu kile kiatu cha chuma kinachoushika mpira:
upande mmoja umezibwa, mwingine wazi.
Uliozibwa utazame mbele, gurudumu linakokimbilia,
ili mpira ukisukumwa ukute ukuta.
Shemeji Ambundo aliugeuza.
Alipobana pale kona ya juu,
mpira ulichomoka kama punje kwenye gunzi,
yeye akafuata, ndizi zikamfuata yeye,
watoto wakaziokota wakicheka,
na goti lake mpaka leo
hutabiri mvua kuliko redio.
Nikaangalia mara tatu. Nne.

Nikakaza nati ya ufito.
Kati ya mpira na rimu nikapitisha sarafu ya shilingi tano:
ikakwaruza kidogo, ikapita.
Nikazungusha gurudumu, nikasikiliza.
Fsss, upande mmoja.
Nikalegeza, nikasogeza unywele, nikakaza.
Nikazungusha.
Kimya.
Wewe ndani ulikoroma, ukageuka, ukaendelea.

Saa kumi na moja ulitoka na mikungu yako
bila kutazama chochote.
Nami nikashinda nikifua vilivyokwisha kufuliwa,
nikisimama kila pikipiki inapokata kuingia kwetu,
nikijiuliza, ule wa nyuma, wa kulia,
je, ulitazama mbele?

Jioni ukarudi. Ukaegemeza baiskeli, ukanawa.
Ukasema Kibuye hapakuwa na wanunuzi.
Ukasema mikungu miwili umeitoa kwa bei ya kutupa,
na askari wa kaunti wamepandisha ushuru.
Nikakupakulia mboga.
Ulikula hadi sahani ikaonyesha maua yake,
kisha ukasema, ukiutazama ukuta:

"Leo nimeliona ziwa.
Pale juu, kabla ya kona. Linaonekana lote."

Miaka tisa unashuka mlima ule.
Miaka tisa macho yako yako chini,
kwenye mguu, kwenye lami, kwenye mguu.

Sikujibu. Nilitoka kumwaga maji,
nikaipitia akala pale mlangoni, nikaigeuza:
tope la asubuhi bado limekauka kwenye kisigino,
halijaguswa.

Chahilu wa dukani ananidai mayai ishirini ya jozi mbili za mipira.
Nimempelekea kumi na matatu.
Kuku yule mwekundu ameanza kuatamia,
sijui nitamwambia nini.